Kilo 129: Kununua Pikipiki ya Safari kwa Kuanzia Kwenye Springi

Kabla sijaingia katika duka lolote la pikipiki, nilipanda mizani nikiwa nimevaa kila kitu ninachokivaa safarini: buti ndefu, suruali yenye kinga za magoti, jaketi, glavu na helmeti. Mizani ilisoma kilo 94. Kisha nikayapakia mabegi mawili ya pembeni kama ninavyoyapakia ninapotarajia kuwa njiani siku kumi, nikatia hema, jiko dogo, vifaa vya kuzibia pancha na lita tano za maji, nikayapima nayo. Yalikuwa kilo 35. Nikaandika 129 kwa kalamu nyekundu juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari, na kwa miezi minne iliyofuata namba hiyo iliamua mambo mengi zaidi kuliko nguvu za farasi, rangi, au jina lililochorwa kwenye tangi.

Karibu kila anayeniomba ushauri kuhusu pikipiki za aina hii huanza kwa kuuliza injini. Namwelewa, kwa maana injini ndiyo inayosikika. Lakini ukitazama pikipiki za safari zinazouzwa leo, kuanzia za sentimita za ujazo 450 hadi zile kubwa zinazopita 1,200, ni vigumu kupata injini ambayo haitoshi kumfikisha mtu mzima na mizigo yake anakokwenda. Kinachotofautisha pikipiki itakayokubeba vizuri na ile itakayokuchosha mgongo na kukutia hofu kwenye changarawe ni saspensheni, yaani springi na shokapu zinazoibeba pikipiki juu ya magurudumu, na hicho ndicho kitu ambacho muuzaji hukieleza kwa sentensi moja kisha akahamia kwenye skrini ya rangi. Tena, saspensheni ndiyo sehemu inayobadilisha hesabu ya bei, kwa sababu bei iliyo kwenye tangazo ni ya pikipiki ambayo bado haijarekebishwa ili imbebe mtu yeyote mahususi.

Asili ya pikipiki hizi inaeleza kwa nini zina miguu mirefu. Mwaka 1980 kampuni ya BMW ilitoa R80G/S, herufi zilizotokana na maneno ya Kijerumani ya nyika na barabara, na mwaka 1981 Hubert Auriol akashinda mashindano ya jangwani ya Paris–Dakar akiiendesha. Yamaha ikaleta XT600Z Ténéré mwaka 1983, na Honda ikatoa Africa Twin ya kwanza mwaka 1988, katikati ya kipindi ambacho NXR750, pikipiki yake ya mashindano, ilishinda Dakar miaka minne mfululizo, kuanzia 1986 hadi 1989. Urithi huo wa jangwani ni mzuri, nami naupenda kwa dhati. Hata hivyo, umewafanya wanunuzi wengi waamini kwamba shokapu yenye mwendo mrefu zaidi ndiyo bora zaidi, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea.

Mwendo wa shokapu ni umbali ambao gurudumu linaweza kupanda na kushuka kabla ya kugonga mwisho. Chukua Triumph Tiger 900, ambayo huuzwa kwa sura mbili zenye injini ileile ya sentimita za ujazo 888. GT Pro ina mwendo wa milimita 180 mbele na 170 nyuma, pamoja na gurudumu la mbele la inchi 19. Rally Pro ina milimita 240 mbele na 230 nyuma, na gurudumu la inchi 21. KTM nayo imeigawa 890 Adventure kwa namna hiyo: milimita 200 kwa ile ya kawaida na 240 kwa ile yenye herufi R. Yamaha Ténéré 700 ya kawaida ina milimita 210 mbele na 200 nyuma, kiti kikiwa juu milimita 875 kutoka ardhini, ilhali World Raid imeongezwa hadi 230 na 220, kiti kikafika 890 na tangi likakua kutoka lita 16 hadi 23. Hizi si tofauti za mapambo. Ukinunua sura isiyokufaa, si jambo unaloweza kulirekebisha baadaye kwa bei ya buti mpya.

Mwendo mrefu una gharama zake. Kiti hupanda, na pamoja nacho hupanda uzito wote, kwa hiyo kuigeuza pikipiki yenye kilo 200 na zaidi kwenye njia nyembamba yenye mteremko huwa kazi nzito. Ukishika breki kwa nguvu, pua huzama zaidi. Kwenye lami yenye kona nyingi, pikipiki hupungukiwa na utulivu kwa sababu kuna nafasi kubwa ya kuyumba juu na chini. Faida yake huonekana pale tu unapokimbia juu ya mawe, makorongo na mashimo ambayo mwendo mfupi ungeyagonga hadi mwisho. Nilijihoji kwa uaminifu: katika safari zangu za miaka mitatu iliyopita, karibu sehemu saba kati ya kumi zilikuwa lami, na zilizobaki ni barabara za vumbi ambazo basi dogo hupita. Milimita 200 zilinitosha. Nilipokubali jibu hilo, nusu ya orodha yangu ilifutika yenyewe, na iliyofutika ilikuwa ndiyo nusu yenye bei kubwa.

Kisha nikaja kwenye jambo ambalo naona limefunikwa na kutoelewana kukubwa kuliko mengine yote, nalo ni springi. Mara nyingi kiwanda huweka springi zinazomfaa mwendeshaji wa wastani, mwenye uzito wa kilo 75 au 80 hivi, asiye na mzigo mkubwa. Mimi na mizigo yangu ni kilo 129. Muuzaji wa kwanza niliyemtembelea aliniambia nisiwe na wasiwasi, kwa sababu kuna kitufe cha kuzungusha pembeni kinachokaza springi ya nyuma, na nikikikaza springi itakuwa ngumu zaidi. Maelezo hayo huyasikia mtu kila mahali, nayo si sahihi. Ikiwa springi inahitaji nguvu ya nyutoni 100 ili ibonyee milimita moja, itaendelea kuhitaji nyutoni 100 kwa kila milimita, uwe umeikaza kwa milimita tano au kwa ishirini. Kukaza hubadilisha mahali inapoanzia kazi yake, yaani kimo ambacho pikipiki husimama. Ugumu wenyewe umo katika unene wa waya, upana wa duara na idadi ya mizunguko, na kitufe hakifiki huko.

Njia ya kujua kama springi inakufaa ni kupima jinsi pikipiki inavyozama, na ni kazi ya dakika kumi na tano kwa watu watatu na futi ya kupimia. Nilifanya hivyo kwenye pikipiki ya majaribio ya duka ambalo mwishowe nilinunua kwake, kwa ruhusa ya fundi wao, na naieleza kwa kirefu kwa sababu sijawahi kuona muuzaji akiifanya bila kuombwa. Tulibandika kipande cha utepe kwenye plastiki ya nyuma, wima juu ya ekseli. Fundi akainyanyua pikipiki kwa stendi ya katikati hadi gurudumu la nyuma likaning'inia hewani, akapima kutoka ekseli hadi kwenye utepe: milimita 612. Tukaishusha, ikasimama kwa magurudumu yake bila mtu, akapima tena: 588. Pikipiki peke yake ilikuwa imezama milimita 24. Kisha tukafunga mabegi yangu, nikapanda nikiwa nimevaa kila kitu, miguu yote miwili juu ya vikanyagio, kijana mmoja akiushikilia usukani ili tusianguke. Futi ikasoma 516. Tulikuwa tumezama milimita 96 kati ya 200, karibu nusu ya mwendo wote, kabla hata ya kukutana na shimo la kwanza.

Kipimo kinachokubalika kwa pikipiki ya namna hii, ikiwa na mtu na mzigo wake, ni takribani asilimia 30 hadi 35 ya mwendo, yaani milimita 60 hadi 70 kwa shokapu ya milimita 200. Fundi akazungusha kitufe hadi mwisho. Nilipokaa tena, mzamo ulipungua hadi 76, na muuzaji aliyekuwa amesimama karibu akasema kwamba tumeshafika. Fundi akatikisa kichwa, akaniomba nishuke, akafungua mabegi, akapima pikipiki ikiwa peke yake. Ilizama milimita nne tu. Maana yake ni kwamba ikiwa tupu ingekuwa imesimama karibu na kilele cha mwendo wake, na gurudumu la nyuma lisingekuwa na nafasi ya kushuka kufuata bonde dogo la barabara; lingeruka hewani kila mara. Kitufe kimefika mwisho, mzamo wa mtu bado ni mkubwa, na mzamo wa pikipiki tupu umekwisha: dalili hizo tatu zikikutana, springi ni laini kwa uzito wako, na hakuna skrubu itakayoliondoa tatizo.

Kuhusu mafuta ya ndani ya shokapu na skrubu zake nitasema kidogo tu. Kuna kizuizi cha kubonyea na kizuizi cha kurudi, yaani kinachopunguza kasi ya shokapu inapobonyea na kinachoipunguza inaponyooka, na kosa la kawaida ni kukaza hiki cha pili kupita kiasi kwa sababu dukani pikipiki huonekana tulivu zaidi. Ukipita kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi madogo madogo, shokapu inayorudi polepole haimalizi kunyooka kabla ya wimbi linalofuata, ikabonyea tena kutoka pale ilipoishia, na baada ya mawimbi kumi hivi unaendesha kitu kisicho na saspensheni kabisa. Bonyeza kiti kwa nguvu kisha ukiachie: kinapaswa kupanda mara moja na kutulia, kisidunde na wala kisipande kwa uvivu.

Swali la saspensheni ya kielektroniki lilinichukua wiki kadhaa. Mifumo hiyo, kama ile ya Showa inayopatikana katika baadhi ya Africa Twin za sentimita za ujazo 1,084, au ile ya BMW iliyo katika R1250GS nyingi, hutumia vihisi kusoma mwendo wa gurudumu na kubadilisha vizuizi vya mafuta ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Nimeijaribu, na nakiri bila kusita kwamba kwenye barabara yenye lami mbovu na nzuri zikipishana, kazi yake inapendeza sana. Anayebeba abiria leo na kuwa peke yake kesho atafaidika hasa na mota inayokaza springi kwa kubonyeza swichi. Hata hivyo, elektroniki haibadilishi ugumu wa springi. Mtu wa kilo 110 aliyelipia mfumo wa juu kabisa bado anaweza kuwa amekaa juu ya springi ya mtu wa kilo 75, tofauti ikiwa ni kwamba sasa kompyuta inajitahidi kuuficha ukweli huo. Zaidi ya hayo, shokapu ya kawaida ikivuja, fundi mzuri huifungua, akabadilisha sili na mafuta, akairudishia gesi. Ile ya kielektroniki hupokelewa na mafundi wachache, na pengine jibu huwa kununua mpya. Kwa mtu anayekwenda mbali na miji na anayekusudia kukaa na pikipiki moja miaka kumi, nachagua ile yenye skrubu.

Sasa tuje kwenye bei, ambako nilijifunza kwa maumivu kidogo. Duka moja lilinipa bei kwa simu, nikasafiri saa tatu kwenda kuiona pikipiki, na nilipoketi mezani nikapewa karatasi yenye mistari sita ambayo haikutajwa kwenye simu: usafirishaji, maandalizi, nyaraka, kemikali ya kuzuia pancha, filamu ya kulinda rangi na king'ora. Jumla ilikuwa imepanda kwa asilimia 14. Nilikunja karatasi, nikashukuru, nikaondoka. Ilinisikitisha, kwa kuwa pikipiki yenyewe ilikuwa safi na kijana aliyenionyesha alikuwa mtu mwema.

Tangu siku hiyo nilikuwa nikiuliza swali moja tu, tena kwa maandishi: nikija na pesa yangu, ni kiasi gani kamili kitakachoniwezesha kutoka mlangoni na pikipiki yenye usajili? Swali hilo huwalazimisha wote kuhesabu kwa mizani moja. Katika mistari ya karatasi, kodi na ada ya usajili huenda serikalini, wala muuzaji hana la kupunguza hapo. Usafirishaji ni gharama ya kweli, ila iulizwe kama tayari imo ndani ya bei iliyotangazwa. Maandalizi nayo ni kazi ya kweli, kwa maana pikipiki huja ndani ya kreti, na mtu hufunga usukani, huweka betri na hukagua boliti. Lakini kazi hiyo ni ya saa chache, na ada inayodai kuwa ya siku nzima inastahili kuulizwa. Ada ya nyaraka hupangwa na muuzaji mwenyewe. Kemikali, filamu na king'ora ni vitu ambavyo mnunuzi ana haki ya kuvikataa, hata kama ameambiwa kwamba vimekwisha kufungwa.

Kuna pia suala la picha. Pikipiki iliyo kwenye tangazo, yenye taa za ziada, masanduku ya alumini, kioo kirefu na kinga za injini, kwa kawaida si ile yenye bei iliyoandikwa chini yake. Viwanda hufunga vitu pamoja katika vifurushi, na unapotaka vishikio vyenye joto peke yake unaweza kulazimika kuchukua pia rangi maalumu na kifaa cha kubadilishia gia bila klachi. Angalia vilevile uzito unaoruhusiwa. BMW R1250GS yenye tangi lililojaa ni kilo 249, na jumla inayoruhusiwa ni kilo 465, hivyo zinabaki 216 kwa ajili ya watu na mizigo. Masanduku matatu ya alumini pamoja na vyuma vyake yanaweza kumeza zaidi ya kilo 20 kati ya hizo yakiwa matupu, na muuzaji anayeyasifia hataji hilo.

Kwa anayekopa, riba ndiyo sehemu ya kukaa nayo chini kwa kikokotoo. Nilipewa mkopo wa miezi 36 kwa riba iliyotajwa kuwa asilimia 8, nikaona ni nafuu, mpaka nilipogundua kwamba ilikuwa ikihesabiwa kwa mkopo wote wa awali kila mwaka, hata baada ya kuwa nimeshalipa sehemu kubwa. Kwa kila 100 ambazo ningekopa ningerudisha 124. Ukiihesabu kwa deni linalopungua, riba hiyo ni sawa na karibu asilimia 14.5 kwa mwaka. Niliachana nao, nikasubiri miezi miwili zaidi.

Kusubiri kulinisaidia kwa njia nyingine. Wauzaji wengi hulipia mikopo ya pikipiki zilizosimama dukani, kwa hiyo pikipiki ya muundo wa mwaka uliopita huwala kila mwezi, hasa muundo mpya unapokaribia. Niliitafuta ya namna hiyo. Kabla ya kuikubali nilisoma tarehe ya tairi, zile tarakimu nne ambazo mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, nikaomba betri ipimwe, na nikapata kwa maandishi kwamba dhamana ya kiwanda itaanza siku ya usajili wangu.

Hapo ndipo daftari langu lilipokutana na karatasi yao. Muuzaji alikuwa tayari kupunguza asilimia tatu ya bei. Nilimwambia abaki na sehemu kubwa ya punguzo hilo, na badala yake anifungie springi ngumu zaidi mbele na nyuma, zilizochaguliwa kwa kilo 129, pamoja na mafuta mapya ya shokapu za mbele, kabla sijaichukua. Alikubali upesi kuliko nilivyotarajia, na sababu yake si siri: yeye hununua vipuri kwa bei ya jumla, na fundi yuko pale kwenye mshahara, kwa hiyo kitu kilichokuwa na thamani kubwa kwangu kilimgharimu kidogo kuliko pesa taslimu. Tuliandika kila kitu, hadi ugumu wa springi, kwenye ankara moja.

Siku ya kuichukua tulirudia vipimo. Ekseli ikiwa hewani, 612. Pikipiki peke yake, 600. Mimi na mabegi, 542, yaani mzamo wa milimita 70, na kitufe kikiwa bado na nusu ya mizunguko yake. Fundi aliwasha taa kuelekea ukutani, nami nikiwa nimekaa, na mwanga uliokuwa ukipiga juu karibu na dari kwenye ile pikipiki ya majaribio iliyozama nyuma sasa ulikuwa umetulia chini ya mstari wa madirisha. Akafungua kiti, akaandika 12 na 70 kwa penseli kwenye plastiki iliyo juu ya betri, pamoja na tarehe, akaniambia nirudi baada ya kilomita 1,000 ili apime tena, kwa kuwa springi mpya hulegea kidogo mwanzoni.